Somo la Nne: Ruzuku, Mkopo na Amana – Fedha za Umma kwa Vikundi vya Jamii na Taasisi za Dini



Katika masomo yaliyotangulia tulizungumzia haki za mnunuzi wa bidhaa na za mtumiaji wa huduma. Katika somo hili tunaligusa jambo ambalo wananchi wengi hawalihesabu kuwa la mtumiaji, ingawa lina masharti, lina mkataba, na lina hasara kwa asiyelielewa. Jambo lenyewe ni fedha ambazo Serikali huzitoa kwa vikundi vya jamii na kwa taasisi za dini ili ziendeshe shughuli zenye manufaa kwa watu wote.

Tumeliandaa somo hili tukiwafikiria kwanza wakazi wa Kata ya Shishiyu, katika Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu. Huko, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Usukumani, watu hawakungoja kufundishwa namna ya kushirikiana. Desturi ya kulimiana kwa zamu ni kongwe kuliko halmashauri. Vyama vya wakulima wa pamba vina historia ndefu. Na kila jumuiya ya waumini, iwe ya kanisa au ya msikiti, ina umoja wake wa akina mama, wa vijana, au wa kusaidiana katika misiba. Nguvu ya kushirikiana ipo. Kinachopungua mara nyingi ni ujuzi wa kuifikisha nguvu hiyo mbele ya ofisi ya umma kwa namna inayokubalika, na kuirudisha nyumbani bila deni wala fitina.

Mwisho wa somo hili, tunatumaini kikundi kitaweza kutofautisha ruzuku na mkopo, kujua mlango sahihi wa kubisha, kuandaa andiko linaloeleweka, na kumtambua tapeli kabla hajapokea shilingi moja.

1. Maneno matatu yasiyofanana

Ruzuku ni fedha au mali inayotolewa kwa ajili ya kazi maalumu, nayo hairudishwi iwapo kazi hiyo imefanyika kama ilivyokubaliwa. Mkopo ni fedha inayorudishwa, iwe na riba au isiwe nayo. Amana ni mali ya mwingine iliyo mikononi mwako.

Tunalitaja neno la tatu kwa sababu linayafunga yale mawili. Ruzuku hairudishwi, lakini si zawadi. Aliyepewa ruzuku ya kununua mizinga ya nyuki hana ruhusa ya kuitumia kuezekea nyumba ya ibada, hata kama paa linavuja na waumini wote wameafiki. Fedha hiyo ni amana ya walipakodi mpaka siku taarifa ya mwisho itakapopokelewa. Mkopo nao ni amana ya kikundi kinachofuata katika foleni: marejesho ya kikundi cha leo ndiyo mtaji wa kikundi cha mwakani.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuuita mkopo wa Serikali ruzuku, kwa kuwa hauna riba. Kikundi hukaa kimya, miezi inapita, kisha barua ya madai inakuja. Wanachama huanza kutazamana kwa jicho la shaka, na umoja uliodumu miaka kumi huvunjika kwa deni la mwaka mmoja. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini karatasi yoyote, kikundi kiulize kwa sauti, na jibu liandikwe katika muhtasari wa kikao: fedha hii inarudishwa au hairudishwi?

2. Milango iliyopo

Hapa chini tunaeleza milango mikuu. Si yote itakayofunguka kwa kila kikundi. Ndiyo maana tunaeleza pia ni nani anayehusika na kila mmoja.

Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri. Kwa kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Mgawanyo wake ni asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kanuni za kwanza zilitolewa mwaka 2019, zikarekebishwa mwaka 2021. Mwezi Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hiyo ili kurekebisha kasoro za utoaji na marejesho, zikiwamo fedha zilizokopeshwa bila kurudi na vikundi vilivyoonekana kwenye karatasi tu. Mwaka 2024 utaratibu mpya ulianza, na halmashauri 10 zilichaguliwa kwa majaribio ya kutoa mikopo kupitia benki. Mojawapo ni Itilima, jirani wa Maswa. Maombi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata na kupita katika mfumo wa kielektroniki unaosimamiwa na TAMISEMI. Kwa kuwa kanuni zimekwisha kubadilishwa zaidi ya mara moja, kikundi kisitegemee maelezo ya jirani aliyekopa miaka mitano iliyopita. Kiombe kusomewa kanuni zinazotumika leo.

Mfuko wa Misitu Tanzania. Mfuko huu una msingi wake katika Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, nao hutoa ruzuku, si mkopo, kwa watu binafsi, vikundi, vijiji na taasisi zinazofanya kazi za kuhifadhi misitu, kupanda miti na kufuga nyuki. Kwa Shishiyu, mlango huu una maana ya pekee. Maswa ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga kabla Mkoa wa Simiyu haujaundwa mwaka 2012, na Shinyanga ndiyo iliyopata sifa kwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulioanza mwaka 1986. Mradi ule haukuleta jambo geni kutoka nje. Uliamsha tena desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kuhifadhi eneo la malisho na miti kwa ajili ya kiangazi. Kikundi chenye ngitili kina hoja ambayo haihitaji kubuniwa.

Ruzuku ya maendeleo na Mfuko wa Jimbo. Wananchi wanapoanza kwa nguvu zao kujenga darasa au zahanati, jengo likafika kwenye lenta, halmashauri huweza kulikamilisha kwa fedha za ruzuku ya maendeleo au mapato yake. Kadhalika upo Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao huunga mkono miradi iliyoibuliwa na wananchi wenyewe; kamati yake huongozwa na Mbunge wa jimbo. Fedha hizi hazipitii mfuko wa kikundi. Huenda kwenye mradi uliopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo kikundi au taasisi ya dini inayotaka zahanati ya kijiji ikamilike haina haja ya kuandika andiko lake peke yake. Ina haja ya kuhudhuria mkutano wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kuhakikisha jambo hilo limeingia katika vipaumbele vya kijiji.

TASAF. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulianza mwaka 2000. Huhudumia kaya za walengwa, huwezesha ajira za muda katika miradi ya jamii, na huhimiza vikundi vya kuweka akiba miongoni mwa walengwa. Kaya hutambuliwa kupitia mkutano wa kijiji. Hakuna mtu mwenye mamlaka ya kuuza nafasi katika orodha.

Makubaliano ya huduma kwa taasisi za dini. Huu ni mlango wa taasisi zenye hospitali, vituo vya afya au vyuo. Tutaueleza katika sehemu inayofuata.

3. Dini na fedha za Serikali

Swali tunaloulizwa mara kwa mara ni hili: je, kanisa au msikiti unaweza kupewa fedha za Serikali? Jibu lina sehemu mbili.

Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda uhuru wa mtu kuamini na kuabudu, na inaweka shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kwa sababu hiyo Serikali haitoi fedha kwa ajili ya ibada yenyewe: si kwa mimbari, si kwa vipaza sauti vya kwaya, si kwa mkeka wa msikiti, si kwa safari ya mkutano wa injili.

Lakini taasisi ya dini inapotoa huduma kwa watu wote, Serikali inaweza kushirikiana nayo, na imefanya hivyo kwa muda mrefu. Tangu enzi ya Waingereza shule za misheni zilipata ruzuku. Mwaka 1992 Serikali ilitia saini hati ya makubaliano na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania pamoja na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, na mwaka huohuo ikaanzishwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii. Wakazi wa Simiyu wanaopewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, wanatibiwa katika hospitali ya Kanisa inayofanya kazi kwa makubaliano na Serikali. Anayepokewa pale haulizwi dini yake. Hicho ndicho kipimo.

Nchi nyingine nazo zimelipambanua jambo hili. Huko Marekani, mwaka 2001, Rais George W. Bush alianzisha ofisi maalumu ya kushughulikia mashirika ya dini na ya jamii, na sharti lililofuata lilikuwa kwamba fedha ya Serikali isitumike katika ibada, wala anayehitaji huduma asilazimishwe kusali. Mazingira ni tofauti, lakini kanuni ni ileile: Serikali hugharimia huduma, haigharimii ibada.

Kwa taasisi ndogo ya kata, kanuni hii huleta mambo manne ya kutenda.

Kwanza, vitabu vitenganishwe. Sadaka, zaka na michango ya ibada viwe na daftari na akaunti yake. Fedha ya mradi wa jamii iwe na daftari na akaunti nyingine.

Pili, huduma iwe wazi kwa wote. Kisima kikichimbwa kwa fedha za umma katika uwanja wa kanisa au msikiti, kila mkazi ana haki ya kuchota kwa masharti yaleyale. Zaidi ya hayo, maji vijijini yanasimamiwa na RUWASA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, pamoja na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Mradi wa maji usianze bila kuwashirikisha.

Tatu, umiliki uandikwe mapema. Ardhi ya taasisi ya dini aghalabu hushikiliwa na wadhamini waliosajiliwa RITA. Mashine iliyonunuliwa na kikundi cha akina mama ikawekwa katika ardhi hiyo ni ya nani? Jibu lisipoandikwa leo, litaamuliwa na ugomvi kesho.

Nne, waumini waombao mkopo wa asilimia 10 waombe kama kikundi cha wananchi, si kama kanisa au msikiti. Wanawake watano au kumi waliofahamiana katika jumuiya moja ya sala wanaweza kabisa kuunda kikundi cha uzalishaji. Kikundi hicho kiwe na jina lake, katiba yake na viongozi wake. Mchungaji, padri au imamu anaweza kuwa mshauri na mpatanishi. Tunashauri asiwe mtia saini wa akaunti, kwa heshima yake mwenyewe.

4. Usajili: cheti kipi kwa kazi ipi

Ofisi ya umma haitoi fedha kwa kundi lisilo na sura kisheria. Hata hivyo, si kila kikundi kinahitaji cheti kikubwa.

Kikundi kidogo cha kijamii au cha uzalishaji husajiliwa na halmashauri kupitia Idara ya Maendeleo ya Jamii. Kikundi cha kuweka na kukopeshana, kama VICOBA, kinaangukia chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na kinapaswa kusajiliwa kwa utaratibu huo. AMCOS na SACCOS husajiliwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Shirika lisilo la kiserikali husajiliwa kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 na marekebisho yake ya mwaka 2019. Jumuiya ya kidini husajiliwa na Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na bodi yake ya wadhamini husajiliwa RITA.

Makosa hutokea pande zote mbili. Wapo wanaogharamia usajili wa shirika la kitaifa ilhali wanachotaka ni kufuga kuku katika kijiji kimoja. Kisha hushindwa kutimiza wajibu wa kila mwaka wa kutoa taarifa na kulipa ada. Wapo pia wanaotegemea cheti cha kikundi cha kata kuomba ruzuku inayotaka shirika lenye hesabu zilizokaguliwa. Someni kwanza masharti ya fedha mnayoitafuta, kisha chagueni usajili.

5. Mfano wa hesabu kabla ya kuomba

Tuchukue kikundi cha kufikirika cha wanawake 10 wa Shishiyu. Wanataka mashine ya kukoboa na kusaga nafaka, na wamefikiri kuomba mkopo wa shilingi 9,600,000 wa kurejesha kwa miezi 24. Tarakimu zote ni za mfano. Kila kikundi kiweke zake.

Marejesho ya mwezi ni 9,600,000 kugawa kwa 24, yaani shilingi 400,000.

Kikundi kimekadiria kwamba mashine itaingiza shilingi 25,000 kwa siku, kwa siku 26 za kazi. Hiyo ni shilingi 650,000 kwa mwezi. Sasa matumizi: umeme shilingi 180,000, fundi wa mashine 120,000, akiba ya matengenezo 50,000, pango la banda 30,000. Jumla ya matumizi ni shilingi 380,000. Kinachobaki ni shilingi 270,000.

Marejesho ni 400,000, kinachobaki ni 270,000. Kila mwezi kikundi kitapungukiwa na shilingi 130,000, sawa na shilingi 13,000 kutoka mfukoni mwa kila mwanachama, kwa muda wa miaka miwili. Mkopo usio na riba umegeuka mzigo, na hakuna aliyewadhulumu. Ni hesabu tu haikufanywa.

Je, waache? La. Wapunguze. Wakiomba shilingi 5,000,000 kwa miezi 24, marejesho yatakuwa takribani shilingi 208,400 kwa mwezi, na zitabaki shilingi 61,600 za tahadhari. Watahitaji mashine ndogo zaidi, au wachangie sehemu ya bei kutoka katika akiba yao. Kisha wajiulize swali la pili, ambalo kila mkulima wa Simiyu analijua: je, kazi ya mashine ni ileile mwaka mzima? Baada ya mavuno watu husaga kwa wingi. Miezi ya njaa debe huwa haba na mashine hukaa kimya. Waweke akiba ya miezi ya neema kwa ajili ya miezi ya ukata, na walitaje jambo hilo katika andiko lao. Afisa anayesoma andiko lililoyatazama matatizo mapema huwa na imani nalo kuliko lile linaloahidi faida tupu.

Wilaya ya Maswa ina mfano wake wenyewe wa kutia moyo: chaki zilizotengenezwa na vijana wa wilaya hiyo kwa kuungwa mkono na halmashauri zilijulikana nje ya mipaka ya mkoa. Tunautaja kwa sababu moja. Chaki ni bidhaa ndogo, lakini mnunuzi wake anajulikana: kila shule ina ubao. Andiko jema huanza na mnunuzi, halianzi na mashine.

6. Andiko la mradi

Andiko si lazima liwe refu wala lijae maneno mazito. Liwe na majibu ya maswali haya, kwa mpangilio huu:

(a) Sisi ni nani, tumesajiliwa wapi, na tumefanya nini pamoja kabla ya leo?
(b) Tatizo ni lipi, linawagusa watu gani, na tumelijuaje?
(c) Tutafanya nini, mwezi kwa mwezi?
(d) Gharama ni kiasi gani, kipengele kwa kipengele, na bei tumezipata wapi?
(e) Sisi wenyewe tunachangia nini?
(f) Tutajuaje kwamba tumefaulu, na nani atatoa taarifa?
(g) Fedha zikiisha, kazi itaendeleaje?

Swali la tano hudharauliwa sana. Wanachama husema, "Sisi hatuna kitu." Hebu tuhesabu. Kikundi cha watu 20 kikiahidi siku 6 za kuchimba mashimo ya miti, hizo ni siku 120 za kazi. Ikiwa kibarua cha siku hapo kijijini ni shilingi 5,000, mchango wa kikundi ni shilingi 600,000. Ardhi iliyotengwa kwa ngitili nayo ni mchango. Matofali yaliyofyatuliwa ni mchango. Yaandikeni kwa thamani yake.

Viambatisho vya kawaida ni nakala ya cheti cha usajili, katiba, orodha ya wanachama pamoja na namba zao za kitambulisho cha taifa, muhtasari wa kikao kilichoidhinisha ombi ukiwa na saini za waliohudhuria, taarifa ya akaunti ya benki, na utambulisho wa Mtendaji wa kijiji au wa kata. Hakikisheni majina yanafanana katika nyaraka zote. Ombi jema hukwama kwa sababu mweka hazina ni "Ng'wasi" katika cheti na "Mwasi" katika kitambulisho.

7. Baada ya fedha kuingia

Wahenga wetu wa biashara walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku fedha inapoingia, kikundi kiitishe mkutano, kisome kiasi kilichopokelewa mbele ya wanachama wote, na kibandike karatasi ya mapato na matumizi mahali panaposomeka. Fedha isipitie simu ya mwenyekiti, hata kwa siku moja, hata kwa nia njema. Watia saini wawe watatu, na wawili wasitoke nyumba moja. Kila ununuzi uwe na stakabadhi. Pale ambapo muuzaji hana stakabadhi, iandikwe hati ya malipo yenye jina, kiasi, tarehe na saini au dole gumba la aliyelipwa.

Mambo yakienda kombo, semeni mapema. Mvua ikikosekana na miche ikanyauka, au mashine ikiharibika, barua ya kuomba kubadilisha mpango ipelekwe kabla ya fedha kuhamishiwa jambo jingine. Ofisi inayojulishwa huweza kusaidia. Ofisi inayofichwa huja na wakaguzi. Na kwa upande wa mkopo, dawa ya deni ni kulipa: anayeweza kulipa nusu alipe nusu na aandike barua juu ya nusu iliyobaki.

8. Jihadharini na matapeli

Penye habari ya fedha za Serikali, tapeli hafiki wa mwisho. Zitambueni dalili zake.

Anaomba "ada ya fomu" au "gharama ya kushughulikia" itumwe kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Malipo halali ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na stakabadhi hutolewa. Anasema fedha imekwisha idhinishwa, ingawa hamkuomba. Anawahimiza msimwambie Afisa Maendeleo ya Jamii. Anataka namba ya siri ya simu au vitambulisho vya wanachama "aviandikishe" mwenyewe. Anajitambulisha kwa jina la kiongozi mkubwa, au kwa jina la mtumishi wa Mungu anayeheshimika, ili mwone haya kumhoji.

Wapo pia walio ndani ya ofisi. Mtu akidai apewe "asilimia yake" ili jina la kikundi lipite, hiyo ni rushwa kwa mujibu wa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Taarifa hutolewa TAKUKURU kwa kupiga 113 bila malipo. Ujumbe wa kitapeli wa simu uripotiwe kwa namba 15040, na kila mwanachama ahakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake kwa kubonyeza *106#.

Kuna hatari nyingine isiyo ya utapeli, nayo ni aibu. Wanachama hutambua kwamba kiongozi amechota fedha, lakini kwa kuwa ni mzee wa kanisa, au mjomba wa mtu, hunyamaza. Kunyamaza huko hakumlindi. Kunamwacha azame zaidi, na siku ya hesabu anazama pamoja na kikundi chote. Kumwuliza ndugu mapema, mbele ya daftari, ni heshima.

9. Mazoezi ya kikundi

Tunashauri vikundi visome somo hili katika vikao viwili, kisha vifanye mazoezi yafuatayo:

(i) Kila mwanachama aeleze kwa maneno yake tofauti ya ruzuku na mkopo. Asiyeweza asichekwe, aelezwe tena. Kikundi kisiombe fedha mpaka wote waweze.
(ii) Fanyeni hesabu ya mashine ya kusaga kwa bei za Shishiyu za mwezi huu.
(iii) Andikeni michango yote mnayoweza kuitoa bila fedha taslimu, na muipe thamani.
(iv) Ikiwa ninyi ni kikundi cha waumini, orodhesheni mali zote mnazozitumia, na mbele ya kila moja andikeni mmiliki wake.
(v) Mwalikeni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata katika kikao, mkiwa na maswali yaliyoandikwa.

Fedha ya umma ikifika Shishiyu, ikafanya kazi iliyoahidiwa na ikatolewa hesabu, huacha mambo mawili: mradi wenyewe, na jina jema la kikundi katika jalada la ofisi. Mradi unaweza kuchakaa. Jina jema ndilo litakalowafungulia mlango wa pili, ninyi na wale watakaokuja baada yenu.